Anayekosa kwa Nidhamu

*Chumba cha kupanga, juu ya duka la rangi*
*3 Februari*

Mpwa wangu Kasuku,

Salamu hizi zikukute umekula na umelala, maana nakujua: ukipata kimoja, kingine unakisahau. Mimi mzima, ukiacha goti la kulia linalotabiri mvua kuliko redio, na harufu ya rangi inayopanda kutoka dukani chini hadi chai yangu ina ladha ya ukuta mpya.

Mama yako nilipita kwake mwezi uliopita. Duka la vitambaa linakwenda vizuri, na yeye ana sauti ile ile. Bado anawaambia majirani kuwa mimi ni daktari wa macho. Nikamweleza tena: dada yangu, kutembeza miwani ya kusomea kwenye sanduku si udaktari. Akasema, "Unyenyekevu wako umezidi." Asubuhi nafungua mlango, watu wamepanga foleni barazani. Mmoja jicho jekundu kama nyanya. Nikamtazama kwa makini, nikamwambia aoshe uso kwa maji safi na aache kulifikicha. Kesho yake akapona. Sasa nimekwisha, sifa zimefika mtaa wa pili.

Mama yako amesema umepata kazi mjini, eti unaifundisha mashine kuona. Nikadhani ananitania. Niandikie ni kazi gani hasa, kwa lugha ya watu wenye magoti mabovu. Na usirudie ule wimbo wako wa kuniambia ninunue simu. Simu ni mbwa unayemlisha mwenyewe ili abweke kila ulipo. Niandikie kupitia ofisi ya vifurushi pale stendi kama kawaida. Keshia ananijua, huniwekea mpaka nipite.

Hapa biashara ya miwani ni ya asubuhi. Jioni miguu inachoka, na penye viti vya bure mara nyingi ni kwenye kumbi za pool. Basi juzi nimekaa zangu pembeni na sanduku langu, fundi mmoja wa pikipiki, wenyewe wanamwita Jogoo, akaniita.

"Mzee, unacheza?"

"Nilijaribu zamani. Mkono hauko sawa."

"Njoo tukufundishe. Hapa hatuumi."

Nikashika fimbo kama mtu anayetaka kuua nyoka darini. Nikakosa. Nikakosa tena. Ukumbi mzima unacheka, na Jogoo akaniambia, "Mzee, katika hizo miwani unazouza, jiuzie na wewe moja." Nilicheka pamoja nao, maana lilikuwa neno zuri. Tukaweka dau dogo, la kuchangamsha tu. Nikaliwa. Tukaongeza. Nikaliwa. Sasa sijui ni nini, mpwa wangu, ila kila mara mwishoni bahati hunijia. Mipira ikaanza kuingia mashimoni kama kuku wanaoona mvua. Bahati ni kitu cha ajabu kweli: kila mji hunisubiri mwisho wa jioni, haijawahi kuja mapema hata siku moja.

Neno moja tu. Mama yako asijue kwamba nakanyaga kumbi hizo, hata kwa kupumzisha miguu. Unakumbuka alivyomfukuza mpangaji kwa ajili ya karata, na zilikuwa karata za watoto. Akisikia daktari wake wa macho ameonekana ameinamia meza ya pool, atafunga duka. Duniani naogopa vitu viwili, mbwa na hilo. Mbwa nimeanza kuwazoea.

Nakuombea bosi mwenye usingizi mwingi.

Mjomba wako

*Mjini, ghorofa ya tatu, lifti mbovu*
*20 Februari*

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika ikinuka rangi, kwa hiyo nimeamini habari za chai. Mimi sijambo. Nakula. Kulala ndiyo kazi, kwa sababu jirani wa juu ananoa visu, na sijathubutu kuuliza vya nini. Mama nilimpigia jana, anakusalimu, na anauliza kama kuna dawa ya jicho linalochezacheza. Nimemwambia nitamuuliza daktari.

Umeuliza kazi yangu, nakueleza. Kuna kampuni inaweka kamera juu ya meza za pool. Inafungwa darini, pale penye taa, inatazama chini tu. Kila mpira unapopita, mashine inaandika umetoka wapi na umeishia wapi. Mchezaji anajisajili kwa simu, mashine inampa daraja lake kama mtoto wa shule. Kumbi nyingi zimeshafungiwa kamera, hata za miji midogo ambayo wewe unapita na miwani yako. Kazi yangu mimi ni kukaa na mashine na kuisaidia kutambua watu wa aina moja: wale wanaojua sana na kujifanya hawajui. Wateja wamelalamika. Wanasema wanakuja wageni wapole, wanachekwa, halafu wanaondoka na kila kitu.

Bosi amenipa miezi mitatu ya majaribio. Nikimpata mmoja wa hao, kwa jina na sura, nitathibitishwa. Na picha yake itatumwa kwenye simu za kumbi zote.

Kuna mmoja mashine imemshika tayari. Hatujui jina, kwa sababu hajisajili, husema simu imeharibika. Kamera inamwona kwa juu tu, na utosini ana upara wa duara, umenyooka pembezoni kama umepimwa. Ofisini tunamwita Sahani. Unajua alivyojulikana? Si kwa kushinda. Mtu asiyejua, Mjomba, anakosa ovyo: huku, kule, mara mpira umeruka nje. Sahani akikosa, mpira unapita pembeni ya shimo kwa upana wa kidole. Kidole kile kile. Ukumbi huu, ukumbi ule, mwezi huu, mwezi ule. Bosi alipoona akasema, "Huyu anakosa kwa nidhamu."

Tena kila kabla ya kukosa hujikuna sikio la kushoto. Hapo nilicheka peke yangu hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa. Sikumwambia kwamba namjua mtu mmoja anayejikuna sikio hilo hilo kila mama anapomuuliza miwani imeuzika mingapi.

Lakini haya ya nini kukusimulia, wewe ni mtu wa macho. Nilitaka tu kuuliza: huko mnapata baridi? Ungevaa kofia, Mjomba. Ungevaa sana kofia.

Akupendaye,
Kasuku

*Nyumba ya wageni, chumba cha nyuma, dirisha linatazama karakana*
*15 Machi*

Mpwa wangu,

Nimepata barua yako nikiwa nimechelewa kupita stendi. Keshia alikuwa ameifanya kizuizi cha mlango usigongegonge. Siha yangu njema. Mwambie mama yako jicho linalochezacheza linataka usingizi na kuacha kuhesabu vitambaa gizani.

Nimesoma habari za huyo Sahani. Simfahamu. Ila nimemsikitikia, kama binadamu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa kinyozi wangu wa huku. Nikamwambia alete kioo cha pili akishike nyuma ya kichwa changu. Akasita.

"Cha nini, mzee?"

"Nataka kuona utosi."

"Utosi wako mzuri tu."

"Lete kioo, bwana."

Akaleta. Nikatazama. Mpwa wangu, nimekaa kwa yule mtu kila nikipita mji huu tangu ana nywele yeye mwenyewe, na siku zote ananitoza bei ya kichwa kizima. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mzee, mteja akikuuliza kuhusu nywele unamjibu kuhusu nywele. Wewe hukuwahi kuuliza pasipo na nywele." Nimenunua kofia. Ni kwa ajili ya baridi.

Sasa, kwa udadisi tu, maana mzee huulizwa mengi njiani: hiyo mashine inamtambua mtu akicheza kwa mkono wa kushoto? Na je, akikohoa anapopiga? Nauliza kwa niaba ya fundi mmoja.

Nikwambie nilivyoona dunia inavyogeuka. Zamani mtu mwenye kipaji cha bahati kama changu aliingia mji asubuhi, na habari zake zilitoka mji huo kwa miguu, zikiwa zimechoka, zikafika mji wa pili yeye ameshapita wa tatu. Mtu alikuwa mpya kila mahali. Sasa nikiingia ukumbini, kabla sijaketi, mama wa kaunta ananiambia nijisajili. Namwambia simu imeharibika. Anasema, "Lete nikutengenezee, na hiyo ndiyo kazi yangu ya pili." Nikishika fimbo, watu hawatazami tena meza, wameinua simu zao kana kwamba nafunga ndoa. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, na siku hizi mjinga anaerevuka akiwa amelala, akiamka anaikuta simu imeshamsomea.

Wiki iliyopita, kwa utafiti wa kisayansi, nikajaribu kukosa ovyo. Nikasema leo nakosa kama watu wengine. Nikafumba jicho moja, nikapiga bila kulenga. Mpira ukagonga ukuta, ukarudi, ukamsukuma mwenzake, wote wawili wakaingia shimoni. Jogoo wa mji huu, huyu ni mpishi wa hoteli, akaweka fimbo chini.

"Mzee, hiyo umeifanyaje?"

"Hata sijui."

"Rudia."

Nikarudia, nikikusudia kukosa kwa moyo wote. Ikaingia tena. Mpishi akakataa kuweka dau. Nimetoka pale sina hata nauli, nimeshindwa kukosa. Kukosa vibaya ni kazi ya ujuzi, usimdharau anayeiweza.

Huyo bosi wako ni mtu wa namna gani? Na miezi yako mitatu inaisha lini? Hukusema.

Mjomba wako, kofia kichwani

*Mjini*
*4 Aprili*

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti limetulia. Jirani wa juu nimemwuliza: ni kinyozi, ananoa nyembe na mikasi. Tumekuwa marafiki, na nimempa ujumbe wa kuwapelekea wenzake wote kuhusu vioo viwili.

Mama hajambo. Ameshona gauni jipya la kuvaa siku nitakapothibitishwa kazini, amelitundika dukani, na kila mteja anayeuliza bei anaambiwa, "Haliuzwi, ni la binti yangu wa kompyuta." Sikumwambia alitoe.

Umeuliza miezi inaisha lini. Inaisha mwisho wa mwezi huu.

Na Sahani? Sahani amefunikwa. Tangu katikati ya Machi kamera imemwona mtu mwenye kofia ya sufi, anacheza kwa mkono wa kushoto, anakohoa. Mwenzangu wa meza ya pili akaniambia, "Huyu mzee anaumwa, apelekwe hospitali." Kisha mashine ikapiga kengele yenyewe. Ilikuwa imetambua sikio. Kofia yako, namaanisha kofia yake, haifuniki sikio.

Bosi si mtu mbaya. Alikuwa mwalimu wa hesabu, anasimama nyuma yangu kimya, anakunywa maji. Jana ameniambia, "Mtu huyu unamkaribia, au unamzunguka?" Nikasema namkaribia. Usiku sikulala, na safari hii si kwa ajili ya visu.

Mjomba, nimefikiri. Ada yangu ya chuo ililipwa na miwani. Mama anasema hivyo kila siku, na mimi sijawahi kumuuliza mtu yeyote ni miwani mingapi hiyo. Kwa hiyo nimeamua. Tarehe kumi na nane, kwenye kikao, nitamwambia bosi kwamba mtu huyo hayupo, mashine imechanganya watu wanne kuwa mmoja. Atanikubalia au atanitoa. Kazi nyingine zipo.

Wewe usipite ukumbi wowote mwezi huu. Uza miwani. Nakuomba.

Kasuku

*Nyumba ya wageni, chumba kile kile*
*6 Aprili*

Mpwa wangu Kasuku,

Salamu za haraka, goti linaniambia mvua iko mlangoni na nataka barua hii iwahi basi. Kwako bado sijapata jibu. Huenda limekuwa kizuizi cha mlango.

Nimekaa nikahesabu mwenyewe: uliandika miezi mitatu, na uliandika Februari. Hukutaja mwisho wake, na wewe kula unasahau lakini tarehe huwezi kuisahau kamwe. Nikaelewa.

Basi nimekwenda kuzungumza na Sahani. Tumekutana njiani, dunia ndogo. Ni mtu mwema, mzuri wa sura, upara unampendeza. Nikamweleza kuna binti mahali fulani ambaye kazi yake inamsubiri yeye. Akaniambia: "Mimi nimeshachoka kukohoa." Amekubali. Jumamosi, tarehe kumi na nane, ataingia ukumbi mkubwa ule wa karibu na stendi, kichwa wazi, mkono wa kulia, atajisajili kwa simu ya kuazima, kwa jina lake lote. Atacheza anavyojua. Wewe mwambie bosi wako asubuhi yake: leo nakuonyesha Sahani. Afungue kioo cha mashine atazame.

Ana ombi moja. Picha hiyo ikitumwa kwa kumbi, sawa, itumwe. Ila kuna mama mmoja mwenye duka la vitambaa, huyo asiipate. Nimemwambia mambo ya simu hayazuiliki hivyo. Akasema angalau ujaribu. Usipoweza, basi.

Usinijibu kwa kunikataza. Jibu lenyewe halitaniwahi.

Mjomba wako

*Mjini*
*22 Aprili*

Mjomba, shikamoo, na naomba ukae kwanza.

Mama mzima, mimi mzima, jirani mzima. Sasa sikiliza ulichokifanya, maana barua yako ya tarehe sita nimeipata tarehe ishirini.

Jumamosi asubuhi kikao kikaanza. Nikasimama nikasema kama nilivyokuandikia, barua ambayo naona na wewe ilikupita njiani: Sahani hayupo. Mashine imechanganya watu wanne. Nikaonyesha michoro. Nilisema vizuri sana, Mjomba, hata mimi nilianza kuamini. Bosi akanywa maji, akasema, "Basi tutaifundisha upya." Mwenzangu wa meza ya pili akanipigia makofi kidogo.

Alasiri tuko wote ofisini, kioo kikubwa kimewashwa, kinaonyesha ukumbi wa stendi. Akaingia mtu. Akavua kofia. Upara ukajaa kioo chote. Akainua uso akatazama kamera moja kwa moja, kitu ambacho hakuna mchezaji amewahi kukifanya, akapunga mkono.

Bosi akauliza, "Anampungia nani?"

Akanywa maji.

"Nauliza, anampungia nani?"

"Labda fundi wa taa," nikasema.

Kisha ukaanza kucheza. Mjomba, nimekutazama kwa juu miezi mitatu, nimehesabu kila kidole ulichokosa, nilidhani nakujua. Sikuwa najua. Ulikuwa unaizunguka meza kama mtu anayemwagilia bustani yake, hukimbii, husimami, na mipira inaondoka mmoja mmoja. Bingwa wao, mmoja mwenye glavu, alikaa chini katikati ya mchezo bila kuambiwa. Mwenzangu wa meza ya pili akasema polepole, "Wanne wanacheza vizuri sana kwa mtu mmoja." Mashine ikaweka jina, na jina lenyewe ni la ukoo wa mama. Bosi alilisoma mara mbili.

Nikasema, "Huyo ni mjomba wangu. Asubuhi nimekudanganya."

Akatoka nje. Nikaanza kukusanya kalamu zangu. Akarudi na maji mengine, akaniambia: "Asubuhi ulidanganya kwa michoro mizuri. Ningekufukuza, lakini sina mwingine anayejua kuchora uongo hivyo, na kazi hii inataka mtu anayeujua. Majaribio miezi mitatu tena." Sikuthibitishwa, sikufukuzwa. Gauni bado limetundikwa.

Picha imetumwa kwa kumbi zote, hilo halikuwa mkononi mwangu. Na video, Mjomba, hiyo si yetu. Watu wa ukumbini walirekodi wenyewe, imezunguka kila simu. Jana mteja amemwonyesha mama dukani. Najua kwa sababu amenipigia. Aliitaja video, lakini hakukulaumu. Aliniuliza tu, "Mjomba wako anapita lini?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie apite," akakata.

Nenda, Mjomba. Na usiende na sanduku.

Kasuku

*Kwa mama yako, chumba cha mbele*
*17 Mei*

Mpwa wangu Kasuku,

Nakuandikia nikiwa nimeshiba na nimekaa kiti chenye mto, kwa hiyo ujue niko kwa nani. Goti zuri. Nilichelewa kuja, nakiri, nilizunguka miji mitatu nikijiambia kuna watu wanaohitaji miwani.

Na katika hiyo miji nimeona mambo. Naingia ukumbini, watu wananyanyuka. "Sahani huyo." Wananisalimu kama mchumba wa dada yao. Dau hakuna anayeweka, bila shaka, hiyo imekufa na kuzikwa. Lakini unajua wanachotaka? Kila mmoja anataka video ya yeye kunifunga. Wananiomba kwa heshima: "Mzee, mara moja tu, nimwonyeshe mke wangu." Basi nawafunga wawili, wa tatu nampa. Nakosa kwa upana wa kidole, bingwa anaruka, simu zinarekodi, mwenye ukumbi anauza soda mpaka zinaisha. Wenye kumbi sasa wananiita wao, siku ambazo biashara imelala, na nauli wanatoa. Mtaalamu wa kuliwa, ndiyo kazi yangu mpya, na safari hii kila mtu anajua. Mpe salamu bosi wako, mwambie Sahani hana kinyongo.

Sasa habari za mama yako, maana ndizo unazozisubiri, umeruka hadi hapa bila kusoma ya juu.

Nilifika mchana. Alikuwa anapima kitambaa. Akaniona, akamaliza kupima, akakata, akafunga, akamrudishia mteja chenji. Barazani kulikuwa na bwana mmoja ameshikilia jicho. Mama yako akamwambia, "Nenda hospitali. Daktari amestaafu." Mimi bado nimesimama, kofia mkononi. Akanikaribisha ndani, akanipa chai, akakaa mbele yangu, akaninywesha hadi tone la mwisho huku akinitazama. Ningependelea mbwa.

Kisha akasema, "Vaa viatu."

"Twende wapi, dada?"

"Vaa viatu."

Tukafuatana hadi ule ukumbi ulio nyuma ya soko. Ndiyo, mama yako. Aliingia na mkoba wake wa kwenda kusali, akaenda kaunta, akalipia meza. Watu walisimama kama mwalimu ameingia. Akachukua fimbo, akaishika kama ufagio, akaniambia, "Nionyeshe."

Nikampangia mipira. Akapiga yeye kwanza, mpira mweupe ukatembea kidogo, ukafikiria, ukasimama. Ikawa zamu yangu. Na mimi nikafanya ninachokijua. Nikalenga mpira mwepesi kuliko yote, nikakosa kwa kidole. Nilitaka apate nafasi, mpwa wangu. Nilitaka acheke.

Hakucheka. Akaja upande wangu wa meza.

"Hicho ndicho ulichokuwa unawafanyia watu?"

"Kipi, dada?"

"Usijikune sikio. Nimekuuliza."

"Ndicho."

"Mimi si mteja wako. Cheza kama ulivyocheza kwenye simu ya yule mteja wangu."

Nilipaka chaki. Nakwambia kweli, niliogopa kuliko Jumamosi ile mbele ya kamera yenu, maana kamera haikunibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nikapiga wa kwanza. Ukaingia. Wa pili. Mahali fulani katikati nikasahau kuogopa, nikawa nausikia ule mlio tu, mpira kwa mpira. Mpira mweusi, wa mwisho, niliupeleka shimo la mbali kabisa, kwa pembe ambayo mtu mwenye akili hawezi kuichagua. Ukaenda taratibu, kama bibi harusi, ukazama. Nilikuwa nimemfunga dada yangu mkubwa mbele za watu, na yeye hajapata hata zamu ya pili.

Nikainua uso. Alikuwa amesimama na ule ufagio wake, anaitazama meza tupu.

"Haya yote ulikuwa unayaweza siku zote?"

"Siku zote, dada."

"Na ukakubali kuchekwa na watu, mji hadi mji."

"Ndiyo."

Nikajua sasa ndipo hukumu inapoanguka. Akafungua mkoba, akatoa miwani yake ya kusomea, akaivaa, akaizunguka meza polepole akitazama kila shimo kama anakagua kitambaa kilichofumwa vizuri asione wapi kimeungwa. Akamaliza mzunguko. Akagonga ukingo wa meza kwa kidole.

"Panga tena," akasema. "Safari hii nieleze unavyofanya."

Nikapanga.

Mjomba wako, ambaye leo hana la kukuficha